Filta ya Hewa ya Kuosha: Je, Yafaa Kununuliwa kwa Magari ya Pemba?

Kila mwenye gari anajua gari lake linakunywa mafuta kiasi gani kwa siku. Wachache wanajua linavuta hewa kiasi gani. Ili lita moja ya petroli iungue barabara ndani ya injini, huhitajiwa hewa yenye uzito wa karibu mara kumi na tano ya uzito wa petroli hiyo. Kwa ujazo, hewa hiyo ni zaidi ya lita 9,000, yaani kiasi cha kujaza madebe 500. Dereva atokaye Chake Chake kwenda Konde hununua petroli kwa lita, lakini injini yake hunywa hewa kwa maelfu ya madebe. Na hewa hiyo huichota papo hapo njiani, pamoja na kila kilichomo ndani yake.

Kilichomo, zaidi ya yote, ni vumbi. Pemba ni kisiwa cha mvua nyingi na miti mingi, na barabara kuu zinazounganisha Mkoani, Chake Chake, Wete na Konde ni za lami. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu hudhani kwamba vumbi ni taabu ya bara tu. Lakini watu wengi wa Pemba hukaa vijijini, na njia nyingi za vijijini ni za udongo. Katika jua la Januari na Februari, na tena katika miezi mikavu ya kusi, magari ya shamba yafuatanayo yakiwa yamebeba wachumaji na magunia ya karafuu huacha nyuma yao wingu ambalo gari la pili hulivuta lote. Kati ya wingu hilo na chuma cha injini pamesimama kitu kimoja tu, nacho ni filta ya hewa.

Miaka ya karibuni zimeenea madukoni filta zinazoweza kuoshwa na kutumiwa tena. Hizi hazitoki kwa mtengenezaji wa gari. Hununuliwa pembeni na kuwekwa mahali pa ile ya karatasi. Wauzaji husema kwamba filta moja ya namna hiyo hudumu umri wote wa gari, huongeza nguvu ya injini na hupunguza ulaji wa mafuta. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya filta ya karatasi. Kwa mwenye gari wa Pemba, ambaye kila kipuri chake huvuka bahari kutoka Dar es Salaam, Tanga au Unguja, ahadi ya kununua mara moja tu inavutia. Makala haya yanachunguza ahadi hiyo kwa njia ya fizikia na hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anazimudu.

Vumbi linaidhuru vipi injini?

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kushuka mara nyingi katika kila dakika. Ringi za pistoni hugusana na ukuta wa silinda kupitia utando mwembamba wa oili, ambao unene wake ni maikroni chache tu. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe ya vumbi iliyo ndogo kuliko utando huo inaweza kupita bila ya kugusa chuma. Iliyo kubwa kidogo kuliko utando hugusa pande mbili kwa pamoja, na hapo hukwaruza.

Ukwaruzaji hutegemea ugumu wa chembe. Katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Friedrich Mohs wa Ujerumani mwaka 1812, talki ndiyo laini kuliko zote, nayo ina ugumu wa 1. Almasi ina ugumu wa 10. Kioo cha dirisha kina ugumu wa karibu 5.5. Kwatsi, ambayo ndiyo madini makuu ya mchanga mweupe, ina ugumu wa 7, na chuma cha ukuta wa silinda ni laini kuliko hiyo. Udongo wa kinamo, kwa upande mwingine, una madini laini sana. Vumbi la Pemba ni mchanganyiko: mahali penye kinamo si kali sana, mahali penye mchanga kila punje ni patasi ndogo.

Uharibifu huu hauna kelele. Ringi hupungua unene, silinda hupanuka, kompresheni hushuka, injini huanza kula oili na kutoa moshi wa samawati. Siku mwenye gari anapoambiwa na fundi kwamba injini lazima ifunguliwe, chanzo chake kimekwisha kupita miezi au miaka mingi nyuma, nacho kiliingia kidogo kidogo kupitia bomba la hewa.

Jinsi filta inavyokamata vumbi

Watu wengi huifikiria filta kama kifumbu cha kukamulia tui: tui hupita, machicha hubaki, kwa sababu matundu ni madogo kuliko machicha. Mfano huu ni wa kweli kwa chembe kubwa tu. Kama filta ingefanya kazi kwa njia hiyo peke yake, ingelazimu iwe na matundu madogo mno hata injini ingekosa pumzi.

Zipo njia nyingine tatu. Ya kwanza hutokana na inesha, yaani tabia ya kitu kinachokwenda kuendelea na njia yake iliyonyoka. Hewa inapokata kona kuuzunguka uzi wa filta, chembe nzito hushindwa kupinda pamoja nayo. Hujigonga kwenye uzi na kunasa. Njia ya pili ni ya chembe za wastani: hufuata mkondo wa hewa, lakini hupita karibu mno na uzi, ubavu wake ukagusa na kushikwa. Njia ya tatu ni ya chembe ndogo sana, ambazo husukumwa huku na huku na molekuli za hewa. Mwendo huo wa vurugu uliangaliwa kwa darubini na Robert Brown wa Uskochi mwaka 1827, naye aliuona katika chembe zilizomo majini. Chembe iyumbayo hivyo mwishowe hujikuta imeangukia uzi.

Kutokana na maelezo haya, lipo jambo moja ambalo wauzaji na wapinzani wa filta za kuosha hulikosea sawasawa. Mtu huinua filta juani, akaona nuru ikipenya, akasema haichuji. Nuru si ushahidi. Tundu linaweza kuwa kubwa kuliko chembe na bado chembe ikanaswa kwa inesha au kwa kuguswa. Swali la haki ni moja: katika gramu 100 za vumbi zilizofika, gramu ngapi zimepita?

Aina za filta

Filta ya karatasi imetengenezwa kwa nyuzi zilizoshikamana na kuimarishwa kwa gundi maalumu, kisha karatasi ikakunjwa mikunjo mingi ili eneo kubwa liingie katika nafasi ndogo. Filta nzuri ya namna hii, ikipimwa maabara, hushika zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio. Ina sifa moja ya ajabu: inapoanza kuchafuka huchuja vizuri zaidi, kwa kuwa tabaka jembamba la vumbi lililotanda juu yake nalo hugeuka kuwa filta. Ikizidi kuchafuka hubana hewa, na hapo ndipo inapostahili kubadilishwa.

Filta ya pamba ina matabaka ya kitambaa chepesi cha pamba yaliyobanwa kati ya nyavu mbili za waya na kuloweshwa mafuta maalumu yenye kunata. Nyuzi zake ziko mbalimbali, hivyo hewa hupita kwa urahisi; mafuta ndiyo yanayoshika chembe zinazojigonga. Watengenezaji wake kwa kawaida hutaja ufanisi wa kati ya asilimia 96 na 99. Filta hizi zilipata umaarufu Marekani, hasa California, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa watu washindanao kwa pikipiki na magari nje ya lami. Inafaa kukumbuka kwamba injini ya mashindano hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Mwenye kushindana hutafuta nguvu ya leo. Mwenye gari la abiria hutafuta injini itakayokuwapo miaka kumi ijayo.

Filta ya sponji ni ya tatu. Hiyo ndiyo iliyomo katika pikipiki nyingi ndogo tangu kiwandani. Nayo huoshwa na kupakwa oili.

Tena, wazo la filta isiyotupwa si jipya hata kidogo. Magari ya zamani aina ya Land Rover na matrekta mengi yalikuwa na filta ya oili ya bakuli: hewa iliteremshwa kwa kasi juu ya oili iliyo katika bakuli la chuma, ikageuzwa ghafla kwenda juu, na vumbi lililoshindwa kugeuka likatumbukia katika oili. Fundi alimwaga tope, akaosha bakuli, akatia oili mpya. Filta hiyo ilikuwa imara, lakini ilikuwa na udhaifu wake: injini ilipozunguka polepole, hewa ilikosa kasi, inesha ikapungua, na vumbi jingi likapita. Filta za karatasi zilienea badala yake kwa sababu zinachuja vyema katika kila mwendo, na wala si kwa tamaa ya viwanda ya kuuza peke yake.

Hesabu ya vumbi

Chukua gari la abiria lenye injini ya dizeli ya lita 2.8. Injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2,400 kwa dakika, silinda zote pamoja hujazwa mara 1,200:

1,200 × lita 2.8 = lita 3,360 kwa dakika

Silinda hazijai kabisa. Ikichukuliwa kwamba hujaa kwa asilimia 85, injini huvuta karibu lita 2,860 kwa dakika, ambazo ni takriban mita za ujazo 170 kwa saa.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba gari hilo hupita katika vumbi zito kwa saa moja kila siku, siku 300 kwa mwaka, na kwamba kila mita ya ujazo ya hewa ina miligramu 10 za vumbi. Vumbi linalofika kwenye filta ni gramu 1.7 kwa siku, au karibu nusu kilo kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa zilinganishwe filta mbili. Ya kwanza ina ufanisi wa asilimia 99.5, ya pili asilimia 97. Mtu akizitazama tarakimu hizi haraka, huziona zinakaribiana: tofauti ni mbili na nusu tu katika mia. Lakini injini haidhuriwi na vumbi lililoshikwa. Inadhuriwa na lililopita.

Filta ya kwanza: gramu 500 × 0.5/100 = gramu 2.5
Filta ya pili: gramu 500 × 3/100 = gramu 15

Vumbi linaloingia ndani kwa filta ya pili ni mara sita ya lile la kwanza. Si lote linalobaki. Sehemu yake hutoka pamoja na moshi. Hata hivyo kinachobaki huongezeka kwa uwiano huo huo. Hili ndilo somo kuu ambalo mwalimu anaweza kulitoa katika mada ya asilimia: penye madhara, hesabu upungufu kutoka mia, usihesabu ukaribu na mia.

Ni haki kusema pia kwamba filta bora ya pamba, yenye asilimia 99 na iliyopakwa mafuta sawasawa, hupitisha gramu 5 tu katika mfano huu, na kwamba filta mbovu ya karatasi inaweza kupitisha zaidi ya hizo. Jina la aina halitoshi. Ndiyo maana maabara hutumia utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 5011, ambamo filta hulishwa vumbi la kipimo maalumu hadi izibe, kisha hupimwa kilichopita. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama filta imepimwa kwa utaratibu huo, na kwa vumbi laini au la chenga.

Madai ya nguvu na ya mafuta

Ni kweli kwamba filta ya pamba huzuia hewa kidogo zaidi. Lakini kidogo hicho ni kiasi gani? Shinikizo la hewa usawa wa bahari ni karibu kilopaskali 101. Ichukuliwe kwamba filta safi ya karatasi, injini ikivuta kwa nguvu zote, hupoteza kilopaskali 1.5, na ya pamba hupoteza 1.0. Faida ni kilopaskali 0.5 katika 101, yaani nusu ya asilimia moja. Kwa injini yenye nguvu za farasi 90, hiyo haifiki hata nusu ya farasi mmoja. Dereva hawezi kuihisi akipanda mlima, na huipata tu pale anapokanyaga mafuta hadi mwisho.

Kuhusu ulaji wa mafuta, uchunguzi umekwisha fanywa. Mwaka 2009 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo ndani yake filta zilizibwa kwa makusudi. Katika magari ya petroli ambayo mafuta yake hupulizwa kwa kuongozwa na kompyuta, filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichoharibika ni wepesi wa kuongeza kasi. Ni katika gari la zamani la kabureta tu ambamo filta safi ilipunguza ulaji, kwa asilimia chache.

Sababu yake ni rahisi. Katika injini ya petroli, kanyagio la mafuta hufungua na kufunga kifuniko kidogo ndani ya bomba la hewa. Katika mwendo wa kawaida kifuniko hicho kimefungwa nusu, nacho huzuia hewa zaidi sana kuliko filta. Kupunguza kizuizi kidogo nyuma ya kizuizi kikubwa hakuleti tofauti. Kompyuta nayo hupima hewa iliyoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Basi ikiwa filta iliyoziba haibadilishi ulaji wa mafuta wa gari la namna hiyo, filta inayopitisha hewa kwa wepesi kidogo tu haiwezi kuokoa mafuta. Injini nyingi za dizeli, hasa za zamani, hazina kifuniko hicho, hivyo filta iliyoziba huonekana haraka kwa moshi mweusi. Lakini dawa ya filta iliyoziba ni filta safi, iwe ya aina yoyote.

Hesabu ya fedha

Limebaki dai la kudumu. Herufi P iwe bei ya filta moja ya karatasi, n idadi inayotumika kwa mwaka, R bei ya filta ya kuosha, na S gharama ya sabuni na mafuta yake kwa mwaka. Miaka T itakayopita kabla ya mnunuzi kurudisha fedha zake ni:

T = R ÷ (nP – S)

Kwa mfano, P ikiwa shilingi 25,000, n ikiwa 2, R shilingi 240,000 na S shilingi 20,000, basi T = 240,000 ÷ 30,000 = miaka 8. Bei hizi ni za mfano; msomaji aweke za dukani kwake. Aangalie pia kwamba S ikilingana na nP au ikiizidi, fedha hazirudi abadani. Hesabu hii haikutia gharama ya injini. Ikiwa injini itafunguliwa hata mara moja kabla ya wakati wake, akiba yote ya miaka hiyo humezwa kwa siku moja.

Mambo yanayohusu Pemba hasa

Filta ya pamba bila ya mafuta yake ni kitambaa cheupe chenye matundu. Kwa hiyo mwenye kuinunua hajanunua kitu kimoja. Amefunga mkataba wa kununua sabuni na mafuta maalumu mwaka hadi mwaka. Kipuri kilichokusudiwa kupunguza safari za baharini kimeongeza kipuri kingine ambacho ni adimu zaidi kuliko filta ya karatasi. Mafuta hayo yanapokosekana Chake Chake au Wete, fundi hutumia alichonacho: oili ya injini, oili chafu, au dizeli. Oili nyepesi huteremka chini ya filta ikaacha sehemu ya juu kavu, dizeli hukauka. Mafuta yakizidi, hewa huyabeba, na katika magari ya kisasa yanaweza kutanda juu ya waya mwembamba wa kipimahewa na kukipotosha.

Kukausha nako kunahitaji subira. Filta iliyooshwa lazima ikauke kabisa kivulini kabla ya kupakwa mafuta. Katika masika, kitambaa kikiwa na maji na hewa ikiwa nzito kwa unyevu, kazi hiyo huchukua muda mrefu. Na gari la abiria halikai siku nzima bila ya kazi. Mwenye filta moja hushawishika kuirudisha mbichi, au kuendesha bila ya filta. Saa chache za kuendesha bila ya filta katika vumbi zinaweza kuingiza vumbi jingi kuliko mwaka mzima wa filta nzuri: katika mfano uliotangulia, saa mbili tu huingiza gramu 3.4, na filta ya karatasi ilipitisha 2.5 kwa mwaka.

Onyo hilo linawahusu pia watumiao karatasi. Ni desturi kuipeleka filta kwa fundi wa pancha ipulizwe kwa kompresa, au kuigongagonga kwenye gurudumu. Upepo wa kompresa una nguvu ya kupasua nyuzi za karatasi, na kugonga hupinda ukingo wake. Filta hutoka ikiwa nyeupe zaidi na mbovu zaidi. Kwa kuwa vumbi kidogo huisaidia karatasi kuchuja, kuisafisha kila wiki ni kujitia hasara kwa bidii.

La mwisho katika sehemu hii ndilo lililo kubwa kuliko yote. Hewa hufuata njia nyepesi. Mpira wa ukingo wa filta ukiwa umekauka, kifuniko kikikosa kibano kimoja, au bomba lililo nyuma ya filta likiwa na ufa, hewa hupita hapo pamoja na vumbi lake, wala haijali filta iligharimu kiasi gani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mpira mpya na vibano vinne vilivyo kamili huilinda injini kuliko filta ya bei kubwa iliyokaa upande.

Majaribio kwa shule

Jaribio la kwanza: kupima ukali wa vumbi. Wanafunzi wakusanye vumbi kavu kutoka njia mbili tofauti, moja yenye udongo wa kinamo na nyingine yenye mchanga. Waweke kiasi kidogo kati ya vipande viwili vya kioo cha darubini, wasugue polepole, kisha waoshe kioo na kukitazama kwa lenzi. Kioo kilichokwaruzika kinaonyesha kwamba vumbi lina chembe ngumu kuliko 5.5, na kwa kawaida hiyo ni kwatsi. Macho yakingwe, na vumbi lisivutwe puani.

Jaribio la pili: kuichunguza filta ikiwa kazini. Kwa ruhusa ya mwenye gari, injini ikiwa imezimwa, fundi afungue bomba lililo nyuma ya filta, alifute, na kupaka ndani yake utando mwembamba wa grisi safi. Baada ya wiki mbili bomba lifunguliwe tena. Grisi iliyobaki safi ni cheti cha filta na cha mpira wake. Grisi yenye chenga ikisuguliwa kati ya vidole ni taarifa kwamba injini inakula vumbi. Jaribio hili halina gharama, nalo hutoa jibu la gari lenyewe badala ya jibu la tangazo.

Muhtasari

Kwa gari la abiria au la mizigo liendalo katika njia za udongo za Pemba, filta ya kuosha inunuliwayo pembeni haistahili bei yake. Nguvu inayoongeza ni ndogo mno, mafuta haiokoi, fedha zake hurudi polepole, na katika vumbi inaweza kupitisha mara kadhaa ya vumbi linalopitishwa na karatasi nzuri. Inaweza kumfaa mtu mmoja: aendeshaye zaidi katika lami, anayekusudia kukaa na gari lake miaka mingi, mwenye akiba ya mafuta yake halisi, na mwenye subira ya kuiosha ipasavyo. Mwenye pikipiki ya sponji hana uamuzi wa kufanya. Filta yake iliumbwa kuoshwa, basi na aioshe, aikaushe, na aipake oili ya aina iliyoagizwa na kitabu cha pikipiki.

Kwa wengine wote, ushauri wa sayansi ni wa kawaida: filta ya karatasi ya mtengenezaji anayeaminika, ibadilishwe kwa wakati wake na mapema zaidi baada ya kiangazi, na fedha zilizookolewa zitumike kununua mpira, kibano na bomba zima.

Maswali

1. Pikipiki ya sentimita za ujazo 125 (lita 0.125), yenye injini ya mapigo manne, inazunguka mara 6,000 kwa dakika, na silinda yake hujaa kwa asilimia 80. Huvuta lita ngapi za hewa kwa dakika?

2. Gramu 200 za vumbi zimefika kwenye filta mbili zenye ufanisi wa asilimia 98 na 99. Tafuta vumbi lililopita katika kila moja, na ueleze kwa nini tofauti ya asilimia moja si ndogo.

3. Tafuta T ikiwa P ni shilingi 15,000, n ni 3, R ni shilingi 150,000 na S ni shilingi 20,000.

4. Eleza kwa nini filta ya oili ya bakuli huchuja vibaya injini inapozunguka polepole.

5. Mtu anasema, "Filta hii ni mbovu, naona jua kupitia ndani yake." Mjibu kwa kutumia njia za kukamata chembe zilizoelezwa.

Majibu ya hesabu: (1) lita 300, (2) gramu 4 na gramu 2, (3) miaka 6.